Busu mnalikata, kofi mnaliacha: barua ya wazi kwa wanaotuletea tamthilia za Asia

Kwa wakurugenzi wa vituo vya televisheni mnaonunua tamthilia za Kikorea, Kihindi na Kichina. Kwa wakaguzi mnaozipangia madaraja. Na kwa wenye studio mnaoziingizia sauti ya Kiswahili.

Waheshimiwa,

Sura yangu hamuijui, ila sauti yangu huenda imeshakaa sebuleni kwenu. Kwa miaka mitatu nilikuwa msichana wa Kikorea. Nilikuwa fukara mwenye moyo safi, nikafanya vibarua vitatu kwa siku, nikamwagiwa glasi ya maji usoni na mama wa mchumba mara mbili, na katika sehemu ya mwisho nikaolewa na mrithi wa kampuni. Yote hayo niliyafanyia ndani ya kibanda cha kurekodia kisicho na feni, maana mlio wa feni unaingia kwenye maikrofoni, nikiwa na hedifoni kichwani na khanga ya kujifutia jasho begani. Malipo yalitosha nauli ya daladala na chipsi, lakini hiyo ni barua nyingine.

Naandika kwa sababu ya neno moja. Neno lenyewe ni "sitaki".

Ilikuwa sehemu ya kumi na moja. Kijana anaingia mgahawani, anamkuta msichana anakula na mwanamume mwingine, anamkamata kifundo cha mkono na kumvuta hadi nje kwenye gari. Msichana anakataa mara nne. Maandishi tulipewa kwa Kiingereza, lakini Kikorea chenyewe nilikuwa nakisikia masikioni, na yule dada aliyeigiza hakuwa na utani. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekasirika na anayeogopa kidogo. Nami nikasema "Sitaki" kavu kama yake. Msimamizi akagonga kioo. "Dada, umekaza mno. Watu watamchukia kijana wa watu. Lainisha, weka ile ya sitaki nataka." Nikarudia. Nikaivuta silabi ya mwisho, nikatia pumzi ya kicheko kwa mbali, kama mtu anayedeka. Akaninyooshea dole gumba. Zikapita zote nne.

Sikulalamika. Niliona ni ufundi, na kwa kweli ulikuwa ufundi. Kupatanisha "sitaki" na mdomo wa Mkorea si mchezo, maana kwao neno ni fupi kuliko letu. Ila anayetazama kipande kile kwa lugha ya wenyewe anaona msichana anaburutwa. Anayekitazama kwa Kiswahili changu anaona wapenzi wanataniana. Picha ni ile ile moja. Tofauti niliiweka mimi, kwa amri ya mtu aliyekuwa upande wa pili wa kioo, na hakuna mkaguzi hata mmoja aliyewahi kuuliza.

Kwenye tamthilia zile zile, busu likikaribia, picha inaruka. Nyuso zinasogeleana, mara ghafla tuko barabarani mchana kweupe. Wazazi wengi tunashukuru. Sebule ya kwetu ina baba, ina bibi, ina mtoto wa darasa la nne, na busu likiponyoka tu, baba anakohoa, mama anakumbuka chai jikoni, na mtoto aliyefunzwa adabu anaangalia mkeka. Sasa subirini kofi. Kofi likipigwa hakuna anayekohoa. Nimewahi kumsikia shangazi yangu, mtu wa swala tano, akisema, "Huyu kaka anampenda sana, ona alivyokasirika."

Tabia hiyo haikuanzia kwetu. Bodi ya ukaguzi ya India, mwaka 2015, ilipunguza nusu ya urefu wa mabusu kwenye filamu ya James Bond iitwayo Spectre, Wahindi wenyewe wakaifanya utani mitandaoni. Miaka minne baadaye ikatoka Kabir Singh, iliyotengenezwa upya kutoka filamu ya Kitelugu ya mwaka 2017. Mwanafunzi wa udaktari anamwona msichana wa mwaka wa kwanza na, bila kumuuliza chochote, anawatangazia wanafunzi wengine kwamba yule ni wake, asiguswe. Anambusu shavuni bila idhini. Baadaye anampiga kofi. Msichana mwenyewe haongei sana. Ilipewa daraja la watu wazima, ikajaza kumbi, ikawa moja ya filamu za Kihindi zilizoingiza fedha nyingi zaidi mwaka 2019. Mwongozaji wake, Sandeep Reddy Vanga, alipohojiwa alisema, kwa maana, kwamba wapendanao wasipokuwa na uhuru wa kupigana kofi, yeye haoni hisia hapo.

Bibi yangu alikulia Unguja na nyimbo za Awaara alikuwa akiziimba zote huku Kihindi hajui hata salamu. Filamu ile ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 ilijaza majumba ya sinema ya Zanzibar na Dar es Salaam, na kuna watu wazima leo wakisikia ule wimbo wake wa barabarani wanafuta macho. Ndani yake kuna kipande cha ufukweni. Nargis, aliyekuwa wakili katika hadithi, anamwita Raj mshenzi kwa utani, Raj anamshushia makofi, mapenzi yanaendelea. Kutoka kofi lile hadi la Kabir Singh ni miaka 68. Katikati hapo India imepeleka chombo karibu na sayari ya Mars.

Msinielewe kwamba India nzima imelala. Mwaka 2020 walitoa filamu ambayo jina lake, Thappad, maana yake ni hicho hicho "kofi". Mume anampiga mkewe kofi moja, siku ya sherehe, mbele ya wageni. Mke anaamka asubuhi, anapanga samani zilizovurugika, na siku zinavyokwenda anagundua kwamba hawezi tena kukaa pale. Kila mtu anamuuliza: kwa kofi moja tu? Haikupata hata chembe ya fedha ya Kabir Singh. Na mwaka 2016 kulikuwa na Pink, ambamo Amitabh Bachchan, akiigiza wakili mzee, anaieleza mahakama kwamba "hapana" si neno tu, ni sentensi iliyokamilika, haihitaji ufafanuzi wala maelezo. Niliiangalia hiyo usiku mmoja peke yangu kwenye simu, nikazikumbuka zile nne zangu.

Kuna filamu moja siwezi kuipita, ingawa najua nitatukanwa: Dilwale Dulhania Le Jayenge, ya mwaka 1995, ya Shah Rukh Khan na Kajol. Ukumbi wa Maratha Mandir wa Mumbai umeionyesha kwa zaidi ya wiki 1,000. Naipenda. Niliiangalia kwa mkanda wa video mpaka mkanda ukaanza kuandika mistari. Lakini nilipoirudia ukubwani niliona mambo niliyokuwa nayaruka. Safarini Ulaya, msichana analewa, anaamka kitandani kwa kijana, na kijana anamfanya aamini kwamba usiku ule wamelala pamoja. Anamwacha alie kwanza, kisha anamwambia alikuwa anatania. Baadaye, mama wa msichana anamwomba bintiye aizike ndoto yake, akimweleza jinsi yeye mwenyewe maisha yake yote alivyotoa kafara, akiwa binti, akiwa dada, akiwa mke. Hotuba ile inauma kweli. Kisha mama huyo huyo anabadilika, analeta vito vyake na kuwaambia vijana watoroke. Kijana anakataa. Anamtaka msichana kutoka mkononi mwa baba yake, kwa ridhaa. Tukalia kwa furaha: kijana mwenye adabu! Mwisho treni inaondoka, baba amemshika binti mkono, na binti anaomba aachiwe. Baba akimwachia ndipo mapenzi yanapopatikana. Mkono wa Simran, ndiye binti huyo, unashikwa na mwanamume mmoja, unaachiwa, unadakwa na mwingine. Miaka kama 30 tunaita hilo uhuru.

Na miaka miwili kabla yake Shah Rukh Khan huyo huyo alikuwa ameigiza Darr, mtu anayempigia simu mwanamke asiyemtaka, anamfuata kila anakokwenda. Mwenye haki katika hadithi ni mchumba wa mwanamke huyo, afisa wa jeshi la majini. Lakini watazamaji walimpenda yule mfuatiliaji. Kaka zangu walikuwa wakiiga kigugumizi chake uani mpaka mama akawakataza. Hakuna aliyemwiga yule afisa.

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Wakorea wana methali isemayo kwamba hakuna mti usioanguka ukikatwa mara kumi, na kwa miaka mingi wameitumia kumtia moyo kijana aliyekataliwa. Sisi tunayo pacha wake: bandu bandu huisha gogo. Huku kwetu nimeisikia zaidi kwenye kazi na akiba, lakini nenda kwenye kibanda umiza, msikilize anayetafsiri muvi kwa mdomo, akifika kwenye msichana anayekataa: "Komaa mwanangu, huyo analainika tu!" Banda zima linacheka. Shoka linaendelea.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 22, ana bodaboda. Mwaka juzi alimpenda msichana aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa. Akamwambia, msichana akakataa kwa adabu. Akarudi. Akaanza kukaa kwenye benchi la mbele ya duka kila jioni, akiacha abiria, akingoja afunge amsindikize kwa nyuma hadi kituoni, kimyakimya. Siku ya mvua alikaa pale akalowa makusudi. Nilipomkalisha chini kumuuliza alishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Mama mdogo, steringi hakati tamaa." Nikamwambia yule binti amekataa. Akatabasamu. "Hata wewe si ulikataa? Kwenye ile ya Kikorea. Ulimwambia sitaki mara nne, na mwisho ukaolewa naye."

Nilikosa la kumjibu. Msichana aliacha kazi mwezi uliofuata, sijui alikwenda wapi. Kijana wetu alihuzunika wiki mbili. Aliamini kabisa kwamba ni yeye aliyeachwa.

Mtasema kijana ana akili zake, asisingizie televisheni. Nami nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya juu kuliko hii. Mwaka 2015, huko Tasmania, Australia, mwanamume wa Kihindi aliyeshtakiwa kwa kuwaandama wanawake wawili alitetewa na wakili wake kwa hoja kwamba amekulia kwenye filamu za Kihindi, ambamo ukimfuata mwanamke vya kutosha mwisho anakupenda. Hakwenda jela. Mimi ningekuwa hakimu nisingeikubali hoja ile, lakini nisingeweza pia kusema kwamba wakili ametunga mambo ya filamu. Mwaka uliofuata, kwenye kituo cha treni cha Nungambakkam mjini Chennai, mwanamke kijana aliuawa asubuhi mbele ya abiria, polisi wakasema muuaji alikuwa akimfuatilia. Baada ya hapo mjadala ulirudi kwenye filamu za Kitamil ambamo shujaa humwandama msichana barabarani kwa nyimbo na ngoma.

Nchi zinazotengeneza hadithi hizi zenyewe zimeanza kushtuka. India iliingiza kosa la kumwandama mtu kwenye sheria yake ya jinai mwaka 2013, baada ya tukio la basi la Delhi la Desemba 2012 lililotikisa nchi. Korea Kusini ndiyo ya kuangalia zaidi. Muswada wa kwanza wa kuadhibu uandamaji uliwasilishwa bungeni kwao mwaka 1999. Ulipita Machi 2021. Katika miaka hiyo 22, mtu aliyemfuata mwanamke mpaka mlangoni mara nyingi alihesabiwa kama mtu aliyefanya kero ndogo, akatozwa faini ya kununulia chakula cha mchana. Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea sizoni bora za mapenzi, zenye vijana wanaongoja nje ya nyumba ya msichana usiku kucha, na sisi tukisema, jamani, angekuwa wangu! Sheria ilianza kutumika Oktoba 2021. Septemba 2022 mfanyakazi wa treni za chini ya ardhi za Seoul aliuawa kazini, katika choo cha kituo cha Sindang, na mwanamume aliyekuwa amemwandama kwa muda mrefu na aliyekuwa akisubiri hukumu. Bunge likarudi mezani, na mwaka 2023 likaondoa kifungu kilichozuia mshtakiwa asiadhibiwe pale mwathirika anaposema hataki. Kwetu Tanzania, kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinafanya udhalilishaji wa kijinsia kuwa kosa, kwa maneno au kwa vitendo. Sidhani kama mwenye bodaboda yeyote amewahi kukisikia. Sehemu ya kumi na moja wameisikia wote.

Nitoke kidogo kwenye "sitaki", maana kuna mengine ambayo nimeyabeba kifuani tangu kibandani.

Mama mkwe. TBC ilipoonyesha mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, mitaa ilikuwa kimya saa ile. Hata Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja katika hotuba yake. Tuliipenda kwa sababu Doudou alikuwa anaongea. Aligombana, akapatana, akakosea, akaomba radhi, na wakwe zake nao walikuwa watu, walikuwa na sababu zao. Sasa ilinganisheni na mama mkwe wa Kikorea tunayeletewa kila mwaka: amekaa kwenye mgahawa wa hoteli, lulu shingoni, anasukuma bahasha ya fedha mezani, "Chukua, uachane na mwanangu." Nimesikia wanawake saluni wakikubaliana kwamba wao wangeichukua ile bahasha, wakamwacha mtoto wake, wakafungua biashara, na kwa maoni yangu hilo ndilo wazo bora kuliko yote yaliyowahi kutolewa kuhusu tamthilia za Kikorea.

Mwanamke mbaya naye. Mtamjua kwa rangi ya mdomo na kwa kwamba ana kazi nzuri. Anajua anachotaka, anasema waziwazi kwamba anampenda kijana, na kwa kosa hilo anaadhibiwa sehemu ishirini. Msichana mwema hajui kwamba ni mzuri mpaka avuliwe miwani. Halafu kuna yule mwanamume wa pili, anayeuliza "umekula?", anayeshika mwavuli, anayesikia "hapana" mara moja na kuishia hapo. Hajawahi kushinda. Hesabuni ninyi wenyewe kwenye rafu zenu. Anayeshinda ni yule aliyemtukana msichana sehemu ya kwanza. Hadithi ya katuni za Kijapani iliyoanza mwaka 1992, ya msichana maskini na kundi la wavulana wanne matajiri wa shule, imegeuzwa tamthilia Taiwan mwaka 2001, Japani 2005, Korea 2009 na China 2018, na mara nyingi kiongozi wa wale wavulana anaanza kwa kuamuru shule nzima imtese yule atakayekuja kuwa mpenzi wake. Japani mpaka wana neno la mwanamume anayembana mwanamke ukutani kwa kiganja, na mwaka 2014 liliingia kwenye orodha ya maneno yaliyovuma zaidi nchini.

Na yule tajiri. Korea Kusini ina pengo kubwa la mishahara kati ya wanaume na wanawake kuliko nchi nyingine tajiri za kundi la OECD, karibu theluthi moja. Mwaka 2023 wastani wa watoto kwa mwanamke mmoja ulishuka hadi 0.72, wa chini kabisa duniani kwa nchi nzima, na kuna wasichana wa kule wanaosema hadharani kwamba ndoa na uzazi hawavitaki. Mrithi mwenye ghorofa na dereva ni ndoto iliyotungwa kwa ajili ya mwanamke ambaye mshahara wake hautoshi kodi. Namwelewa, maana wangu nao haukutosha. Nchini China aina hii imezaa tamthilia fupi za simu, za bosi mbabe na mfanyakazi wake, dakika mbili mbili, hata mamlaka yao ya utangazaji Novemba 2024 ikatoa mwongozo wa kuzipunguza na kuziboresha. Vipande vyake vyenye sauti ya Kiswahili vipo tayari kwenye simu za watoto wetu.

Msije mkaona nataka zizimwe. Ningekuwa mnafiki. Tamthilia hizi zilinionyesha mwanamume anayelia bila kufichwa, anayempikia mkewe supu ya mwani siku ya kuzaliwa, anayepiga magoti barabarani kumfunga mwanamke kamba za viatu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na sijawahi kumwona ameshika mwiko. Mimi nilijifunza kwa Wakorea kwamba mwanamume anaweza kuuliza "umeumia wapi?" na kungoja jibu. Wanawake wengi wanaonitumia ujumbe wananiambia wanatazama kwa ajili hiyo hiyo, ile huruma ndogo ndogo. Na mambo yanabadilika hata kule: katika sizoni nyingi za miaka ya karibuni mvulana anauliza kabla ya kumbusu msichana. Kichekesho ni kwamba kwetu swali linakatwa pamoja na busu. Mtazamaji wa Kiswahili anabaki na kifundo cha mkono kinachovutwa na hapati kuona kijana anayeomba ruhusa.

Kwa hiyo ninyi wakaguzi, mnapokaa na kalamu, busu liandikieni mnavyoona inafaa, sibishani na maadili yetu. Lakini kofi nalo liandikieni mstari. Kumburuta mtu nako. Kumfuata mtu asiyetaka nako. Daraja la umri liseme wazi kwamba ndani kuna mapenzi ya nguvu, kama linavyosema kuna damu au pombe, ili mama aliyekaa na binti yake wa miaka 13 ajue pa kukohoa. Na mkutanapo na kipande ambacho kijana anauliza na msichana anajibu, kiacheni japo swali, hata kama jibu mtalikata.

Ninyi wanunuzi, najua mnanunua kwa fungu na bei ndiyo inayoamua. Ulizeni tu, katika fungu hilo, kama Thappad na Pink zimo. Mimi sijabahatika kuziona kwa Kiswahili kwenye kituo chochote.

Na ninyi wenye studio, kwenu ndiko nilikokaa, kwa hiyo kwenu nasema kwa kirefu kidogo. Mpeni mwigizaji wa sauti nafasi ya kuisikia sauti ya asili mara mbili kabla hajafungua mdomo. Mtafsiri akiona "sitaki" aandike pembeni imesemwaje: kwa hasira, kwa woga, kwa kucheka. Kama mwenye hadithi amemfanya msichana adeke, basi adeke, wapo wanaodeka na ni haki yao. Lakini kama amekataa, msimamizi asigonge kioo. Na neno lile la Kikorea ambalo msichana humwita kaka yake na pia mpenzi wake, jamani, amueni moja. Nilipokuwa nasema "kaka, nakupenda" kuna mama mmoja Tanga aliyeamini mpaka sehemu ya mwisho kwamba ni ndugu.

Nimesikia mnajiandaa kuirudisha hewani ile sizoni yetu, kwa kuwa watazamaji wanaiomba. Picha sehemu ya kumi na moja hamuwezi kuibadilisha, nalijua hilo. Sauti mnaweza. Ni mistari minne, haifiki hata dakika moja ya kurekodi. Nitakuja siku yoyote mtakayotaja, asubuhi kabla ya joto, nauli yangu, khanga yangu, bila malipo. Namba yangu bado mnayo.

Wenu,
Aliyekuwa msichana wa Kikorea,
Dar es Salaam